Aliyetubu ulevi: mkono tumpe, na kiti je?

MIONGONI mwa maswali ambayo sisi walimu wa dini tunaulizwa mitaani, yapo yanayojibiwa kwa aya moja na hadithi moja, muulizaji akaridhika akaenda zake. Yapo mengine ambayo aya na hadithi zake ni nyingi, lakini kila upande unachukua zile zinazoufaa na ugomvi unabaki pale pale. Swali la leo ni la aina hiyo ya pili.

Katika siku za kuelekea uchaguzi wa serikali za mitaa uliofanyika Novemba 27, 2024, vijana wa darsa yangu hapa Singida mjini waliniletea jambo. Alikuwepo mtu aliyekusudia kuchukua fomu ya kugombea uenyekiti wa mtaa. Mtu huyo kwa miaka mingi alijulikana kwa gongo na bangi. Alifika mahali akang'oa bati za nyumba ya urithi, akaziuza, akanywa. Kisha Allah (s.w.) akamjaalia akaacha, akarudi msikitini, akaanza kununua na kuuza alizeti kwa mtaji mdogo, na watu wakamwona amekuwa mtu tena. Je, inafaa kumchagua?

Vijana walikuwa wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lilisema, mlevi ni mlevi tu. Leo kaacha, kesho atarudia, na muhuri wa mtaa utakuwa rehani kilabuni. Kundi la pili likajibu, kama Allah amemsamehe, wewe nani hata usimsamehe? Kumnyima kura ni kuikataa toba yake. Kila kundi lilikuwa na dalili zake, na kila moja liliona lenzake limepotoka.

Naandika makala hii kwa sababu naona makundi yote mawili yamejikwaa kwenye jiwe moja. Yamechanganya madeni mawili ambayo wadai wake ni tofauti. Aliyetubu anatudai rehema. Wananchi wanatudai amana. Rehema hailipwi kwa kuchota kwenye mfuko wa amana, wala amana hailindwi kwa kumdhulumu mtu rehema yake.

Ulevi ni dhambi, na ni maradhi pia

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Sisi Waislamu tunaujua ulevi kama dhambi kubwa. Hilo halina mjadala baada ya kushuka aya ya 90 na ya 91 za Suratul Maida. Lakini tuangalie namna katazo lilivyokuja. Halikuja kwa siku moja. Kwanza ikaja Suratul Baqara aya ya 219, ikaeleza kwamba madhara yake ni makubwa kuliko manufaa. Kisha ikaja Suratun Nisaa aya ya 43, ikawakataza waumini kuikaribia Swala hali wamelewa mpaka wajue wanachokisema. Ndipo likaja katazo la moja kwa moja. Aliyeumba nafsi anaijua. Anajua kwamba mazoea yakishaingia mwilini hayang'oki kama kijiti.

Madaktari wa leo wanalisema hilo kwa lugha yao. Wanasema utegemezi wa kilevi ni maradhi ya muda mrefu, yanayotibika, na ambayo mgonjwa anaweza kurudi nyuma hata baada ya kupata nafuu. Nchi yetu imelipokea jambo hilo. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadone kwa watumiaji wa heroini, na huduma hiyo imesambaa mikoani. Kwa jirani zetu Dodoma ipo pale Itega. Zanzibar kuna nyumba za upataji nafuu, maarufu kama soba hausi, na wengi wa wanaozisimamia ni watu ambao wao wenyewe waliwahi kuzama wakatoka.

Hapa Singida tatizo letu kubwa lina sura nyingine. Heroini si tatizo la kila mtaa. Tatizo ni gongo, ni pombe za kienyeji za mtama, ni bangi, na zamani kidogo ilikuwa viroba, mpaka Serikali ilipovipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017. Msimu wa alizeti ukifika na pesa zikaingia, kina mama wa vijijini wanajua nusu yake itaishia wapi. Basi tunaposema "aliyetubu ulevi" hatuzungumzii mtu wa ajabu kutoka mbali. Tunamzungumzia kaka, mjomba, baba mzazi, na mara nyingine mwalimu au mtumishi wa ofisi aliyefungia chupa kabatini.

Katiba inasema nini

Wapo wanaodhani sheria ya nchi imeshalimaliza jambo hili. La, haijalimaliza. Ibara ya 67 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inataja sifa za mtu kuwa mbunge. Awe raia, awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe mwanachama na mgombea wa chama cha siasa. Asiwe ametiwa hatiani kwa kukwepa kodi katika miaka mitano kabla ya uchaguzi. Asiwe amethibitishwa rasmi kuwa na ugonjwa wa akili. Asiwe, katika miaka mitano hiyo, amefungwa kwa kosa la utovu wa uaminifu au kwa kuvunja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma.

Ulevi haumo katika orodha hiyo. Aliyeacha pombe jana anaruhusiwa kugombea, na anayekunywa hadi leo anaruhusiwa vile vile. Katiba imelikabidhi jambo hilo kwa vyama na kwa mpiga kura. Lakini tuchukue faida moja katika ibara hiyo: hata kwa mkwepa kodi na kwa aliyefungwa kwa kukosa uaminifu, Katiba imeweka kipimo cha miaka mitano. Katika mambo hayo mawili haikusema "milele", na pia haikusema "mara moja". Imesema subiri, tuone. Tutairudia hekima hiyo mbele.

Waziri aliyeondolewa na gavana aliyeondolewa

Ijumaa ya Mei 20, 2016, Rais John Magufuli alitengua uteuzi wa Charles Kitwanga aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi. Sababu iliyotolewa na Ikulu ni kwamba aliingia bungeni na kujibu swali linaloihusu wizara yake hali amelewa. Mwezi uliofuata nafasi hiyo alipewa Mwigulu Nchemba, wakati huo mbunge wa Iramba Magharibi, mkoani kwetu. Kitwanga alibaki mbunge wa Misungwi hadi mwaka 2020.

Simtaji mtu huyu ili kumwita mlevi. Siku moja si maradhi, na mimi sina ujuzi wa maisha yake. Namtaja kwa sababu tukio lile liliweka wazi jambo ambalo watu wetu walikuwa wanalichekea vijiweni: kwamba mtu anayezungumza kwa niaba ya polisi, magereza na uhamiaji wa nchi nzima anapaswa kujua anachokisema. Hapo mwenye kuikumbuka aya ya 43 ya Suratun Nisaa ataona jambo. Hata kabla pombe haijaharamishwa kabisa, ilikatazwa kwanza pale ambapo mtu anasimama mahali panapohitaji akili yake yote.

Historia yetu wenyewe inalo tukio kama hilo. Walid bin Uqba alikuwa gavana wa Kufa katika ukhalifa wa Uthman (r.a.). Aliwaswalisha watu Swala ya Alfajiri hali amelewa, akazidisha rakaa. Mashahidi wakatoa ushahidi Madina. Uthman alikuwa ndugu yake kwa upande wa mama, lakini undugu haukumfaa kitu: alichapwa viboko na ugavana ukamtoka. Habari hiyo imo katika Sahih Muslim. Kwa hiyo kuhusu mtu anayelewa akiwa kitini, Uislamu na desturi njema ya utawala wa nchi vinakubaliana. Kiti kinamtoka. Swali letu ni gumu zaidi, kwa kuwa linamhusu aliyekwisha kuacha.

Kwa wanaosema "mlevi ni mlevi tu"

Nawaambia ndugu hawa kwamba kauli yao, wakiishikilia, itawafikisha pabaya. Wengi miongoni mwa Maswahaba walikuwa wanywaji kabla ya katazo, na katika riwaya Umar bin Khattab (r.a.) mwenyewe anatajwa kuwa aliipenda pombe zama za ujahiliya. Katazo liliposhuka, pombe ilimwagwa mpaka ikatiririka katika vichochoro vya Madina. Katika hao waliomwaga ndimo walimotoka makhalifa, makadhi na majemadari. Kama mtu hawezi kamwe kuvuka alipokuwa, basi nani angeliongoza umma ule?

Mtu anaweza kusema, hao walikunywa kabla ya haramu. Haya, tuchukue waliokunywa baada ya haramu. Imo katika Sahih Bukhari habari ya mtu aliyeletwa mbele ya Mtume (s.a.w.) mara nyingi kwa kosa la kunywa, akichapwa kila mara. Mmoja wa waliokuwepo akamlaani. Mtume (s.a.w.) akamkataza asimlaani, akamshuhudia mtu yule kwamba anampenda Allah na Mtume wake. Angalia, ndugu msomaji: adhabu haikufutwa, lakini utu wake haukufutwa pia.

Na yupo Abu Mihjan Ath-Thaqafi, shujaa na mshairi, aliyechapwa kwa pombe mara kwa mara. Katika vita vya Qadisiyya, Saad bin Abi Waqqas (r.a.) alikuwa amemfunga minyororo kwa kosa hilo hilo. Wanahistoria wanasimulia kwamba aliposikia mapambano yamechachamaa alimsihi mke wa Saad amfungue na ampe farasi, akaahidi kuwa akibaki hai atarudi mwenyewe kwenye minyororo yake. Akapigana siku ile vita vya ajabu. Kisha akarudi, akaitia miguu yake kifungoni, hakuna aliyemkamata. Saad alipojua akamfungua, na Abu Mihjan akaiacha pombe.

Kinachonigusa katika kisa hiki kuliko ushujaa wa vitani ni kule kurudi. Mtu ambaye jana hakuweza kujizuia mbele ya kikombe, leo anatimiza ahadi mahali ambapo angeweza kutoroka na asijulikane. Aliyetubu kweli tunamtambua hapo: katika ahadi anayoitekeleza wakati hakuna anayemwangalia.

Kwa wanaosema "Allah amemsamehe, mpeni"

Ndugu hawa nao nawaheshimu, kwa kuwa moyo wao ni laini. Lakini wamesahau kuuliza: alichosamehewa ni nini, na anachokiomba ni nini? Alichosamehewa ni dhambi yake. Anachokiomba ni mali za watu na haki zao. Mwenye kusamehe dhambi ni Allah (s.w.), naye ni mwingi wa kusamehe. Mwenye mtaa, kata au jimbo ni wananchi, na haijuzu mimi kuonesha ukarimu kwa mali isiyo yangu.

Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Abu Dharr (r.a.) alimwomba Mtume (s.a.w.) ampe madaraka. Ni nani alikuwa mcha Mungu na mkweli kuliko Abu Dharr? Hakuwa mlevi, hakuwa mwizi. Lakini Mtume (s.a.w.) alimweleza kwamba yeye ni dhaifu, na kwamba uongozi ni amana, na Siku ya Kiyama utakuwa fedheha na majuto isipokuwa kwa aliyeuchukua kwa haki yake. Ikiwa mtu mwema kiasi kile alinyimwa bila kudharauliwa, basi kunyimwa cheo si kutukanwa. Wakati mwingine ni kulindwa.

Na hapa pana jambo ambalo watetezi wa aliyetubu hawalitazami. Siasa zetu zina mazingira yake: safari, posho, kulala hoteli, sherehe, na marafiki wapya wanaokuja na bahasha mkononi na chupa kwenye gari. Mtu mwenye miezi sita tangu aache kunywa, ukimtupa katikati ya mambo hayo, umemrejesha kule alikotoka kwa mkono wako, huku ukijiita mwenye huruma.

Kisa cha Qudama bin Madh'un (r.a.) kinalifunga jambo hili vizuri. Alikuwa Swahaba aliyepigana Badr, shemeji yake Umar, na gavana wa Bahrain. Alikunywa kwa kuielewa vibaya aya ya 93 ya Suratul Maida. Umar akamchapa na kumwondoa. Wakakaa wamekasirikiana mpaka baadaye Umar akamtafuta wakapatana. Kisa hicho kinaishia kwenye mapatano, hakiishii kwenye kurejeshewa Bahrain. Umar alimlipa Qudama deni la udugu, na wakati huo huo akawalipa watu wa Bahrain deni la amana. Wala hakuona kwamba moja linalipunguza jingine.

Kipimo ni kipi?

Basi kama si "kamwe" na si "mara moja", ni nini? Katika Suratul Qasas aya ya 26, binti wa yule mzee wa Madyan alimsifu Nabii Musa (a.s.) mbele ya baba yake kwa sifa mbili: nguvu na uaminifu. Wanachuoni wamezijengea sifa hizo mlango mzima wa uongozi. Ibn Taymiyya ameeleza kwamba ni nadra sifa zote mbili kukamilika kwa mtu mmoja, hivyo hutazamwa cheo kinahitaji nini zaidi. Katika vita hutangulizwa nguvu na ushujaa. Katika kulinda mali hutangulizwa uaminifu. Tukipima kwa mizani hiyo, mwenyekiti wa mtaa kwa kawaida anashika muhuri, anashuhudia mauzo ya viwanja, anaandika barua za utambulisho na mara nyingine anapokea michango. Huyo uaminifu wake ndio utangulie.

Uaminifu wa aliyewahi kuuza bati za urithi tutaujuaje? Kwa muda. Mafaqihi walilizungumza hili katika mlango wa ushahidi: fasiki akitubu, ushahidi wake utapokelewa lini? Wapo waliosema toba ikisihi inatosha. Mashafii, ambao ndio wengi hapa kwetu, wanajulikana kwa kusema apitiwe na mwaka mzima, ili misimu yote minne impitie na nafsi yake ijaribiwe katika kila hali. Hekima hiyo mtu wa Singida ataielewa bila kufafanuliwa. Aliyeacha pombe wakati wa njaa hajajaribiwa. Mngoje alizeti zivunwe, mngoje harusi, mngoje msiba, mngoje siku atakayogombana na mkewe. Akivuka hayo yote, hapo unazungumza na mtu mwingine.

Mwaka mmoja walisema kwa ushahidi wa mahakamani. Katiba yetu imesema miaka mitano kwa aliyefungwa kwa utovu wa uaminifu anayetaka ubunge. Mimi sitoi fatwa ya idadi. Ninachosema ni kwamba kadiri cheo kinavyokuwa kikubwa, ndivyo muda wa kumtazama uwe mrefu, na ngazi zipandwe moja moja. Aanze na kamati ya msikiti au kikundi cha kuweka na kukopa, hesabu zake zionekane, halafu mtaa, halafu kata. Anayekataa ngazi za chini na kutaka juu moja kwa moja, hata kama hajawahi kuonja pombe, mtilieni shaka.

Cha pili ni uwazi. Hapa walimwengu wengine wana la kutufundisha. Jimboni Iowa, Marekani, alikuwepo Harold Hughes, dereva wa malori aliyekuwa mlevi wa kupindukia, akaacha miaka ya 1950. Alikuwa gavana kuanzia 1963 hadi 1969, kisha seneta hadi 1975. Katika uchaguzi wa 1964 mpinzani wake aliyaleta hadharani mambo yake ya ulevi. Hakuyakana, na wananchi wakamchagua tena. Mwaka 1970 sheria iliyobeba jina lake ikaifanya serikali ya Marekani isimamie tiba na utafiti wa ulevi. Maradhi yaliyomtesa yakawa elimu aliyowatumikia nayo wengine.

Mlinganishe na Rob Ford, meya wa Toronto nchini Canada. Mei 2013 ziliandikwa habari za video ikimwonesha anavuta kokeini. Akakanusha kwa miezi, kisha Novemba mwaka huo akakiri. Baraza la jiji halikuwa na uwezo wa kisheria wa kumwondoa, likaishia kumpunguzia madaraka. Mwaka 2014 akaenda kutibiwa, na mwaka huo huo akachaguliwa kuwa diwani. Alifariki Machi 2016 kwa saratani. Kilichowagharimu watu wa Toronto zaidi ni ile miezi ya kukanusha, ambapo jiji zima lilishughulika na ukweli wa mtu mmoja. Hughes na Ford wote waliugua. Tofauti ni kwamba mmoja aliwaambia watu akiwa ameshapona, mwingine aliwaficha akiwa bado anaumwa.

Cha tatu ni kukubali kuangaliwa. Aliyepona kweli hujijua. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hukaa mbali na vijiwe vya zamani, ana watu wanaoruhusiwa kumuuliza, na akiwa yuko kwenye dawa kama methadone haachi wala hafichi, kwa kuwa dawa aliyopimiwa na daktari si ulevi. Mwenye kusema "mimi nimeshapona, asiniulize mtu", huyo bado.

Na hawa wengine je?

Sasa niseme lililo zito zaidi. Tukimwekea aliyetubu vipimo hivi vyote, haki inatutaka tuwageukie wale wasiowahi kutubu kwa kuwa hawajawahi kugunduliwa. Mtaani tunamjua aliyelala mtaroni. Anayelewa ndani ya gari lenye vioo vyeusi hatumjui, na huyo ndiye anayetuwekea saini mikataba. Aliyeanguka hadharani na kuinuka hadharani tuna kumbukumbu yake yote. Mwingine hatuna hata ukurasa mmoja.

Tena yupo mgombea ambaye yeye mwenyewe hanywi kabisa, pengine ana sijda usoni, lakini usiku wa kuamkia kura anapeleka madumu ya pombe kilabuni kwa jina la "kuwakirimu wazee". Mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu kitu kilichoitwa takrima. Watetezi wa haki za binadamu wakaenda mahakamani, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba takrima inakwenda kinyume cha Katiba. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Lakini madumu bado yanatembea.

Mtume (s.a.w.) aliwalaani watu kumi kwa ajili ya pombe. Mnywaji ni mmoja tu kati yao. Wamo mwenye kuinunua, mwenye kuibeba na mwenye kubebewa. Kwa mizani hiyo, nani hafai kiti: aliyeitapika pombe akaiacha, au anayewanywesha maskini ili wamkabidhi miaka yao mitano? Mimi sioni ugumu wa kujibu. Ajabu ni kwamba tunamkagua wa kwanza kwa darubini, na wa pili tunampigia makofi.

Tahadhari moja

Maneno haya yasimfanye mtu atoke na orodha. Februari 2017 aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alitaja hadharani majina ya watu mashuhuri, wakiwemo wanasiasa na wasanii, akiwahusisha na dawa za kulevya na kuwataka waripoti polisi. Nchi ikawaka. Vita dhidi ya dawa za kulevya ni vita ya haki, lakini jina la mtu likishatupwa hewani kabla ya ushahidi halirudi kama lilivyotoka. Suratul Hujurat imetuamuru tuthibitishe habari, na imetukataza dhana na kupelelezana. Kumpima mgombea ni kumuuliza yeye, na kuwauliza aliofanya nao kazi. Kuchungulia madirisha ya watu si katika kumpima.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wenye kadi za kupigia kura ni huu. Kabla hamjauliza kama mtu aliwahi kunywa, ulizeni ni lini aliacha na amefanya nini tangu hapo. Aliyeacha juzi, mpeni kazi, mpeni binti wa watu akifaa, mkaeni naye safu moja, mkopesheni mtaji, lakini kura yenu isubiri. Aliyeacha zamani, akawa wazi, akashika vidogo vikasalimika mkononi mwake, msimnyime kikubwa kwa sababu ya jina la zamani. Kwani vijana wetu walioko vilabuni jioni hii wanatazama tunavyowatendea waliotoka. Wakiona waliotoka wamefungiwa milango yote, watasema: ya nini kutoka? Na wakiona kwamba kilio cha toba cha wiki moja kinatosha kumfikisha mtu kwenye uheshimiwa, toba nayo itageuka kuwa mtaji wa kampeni.

Wabillahi Tawfiq.